Kodi Yako Inaisha Lini?

Dar es Salaam hatuulizani mishahara. Swali linalomweka mtu peupe ni hili: kodi yako inaisha lini? Akikujibu "mwezi wa nne", hapohapo unaelewa kwa nini tangu Februari hanunui soda, kwa nini michango ya harusi anaipokea kwa "nitakutafuta", na kwa nini jioni anakata mitaa kwa miguu ili asipande gari la kuunganisha. Tunamwacha apumue. Zamu yetu nayo inakuja.

Mimi nauza vitenge Kariakoo. Duka si langu. Nalipwa kwa siku, na mzigo ukitoka vizuri bosi ananiongezea. Nilifikia kwa shangazi Manzese, kama wengi wanavyofikia kwa shangazi, nikapanga chumba Mburahati, nikahamia Mbezi, sasa niko Tabata. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na ukipita uswahilini saa kumi na mbili asubuhi, ukaona watu na ndoo zao wanavyosubiri bafu kwenye kila uani, utadhani wote hao ni wapangaji.

Kodi hapa inatajwa kwa mwezi lakini inadaiwa kwa miezi sita, na nyumba zenye geti na tailizi wanataka mwaka mzima. Kwa hiyo chumba cha shilingi 80,000 siku ya kuingia ni 480,000, weka na mwezi mmoja wa dalali, 560,000, na hapo mwenye kirikuu hajakutajia bei ya kuhamisha godoro na kabati. Zamani kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984. Ilifutwa 2005, na tangu hapo mambo ni makubaliano ya watu wawili ambao mmoja wao ndiye mwenye nyumba. Kila baada ya muda anatokea kiongozi anaikemea tabia ya kudai kodi ya miezi sita. Mama mwenye nyumba wangu wa Mburahati aliyasikia maneno hayo redioni tukiwa wote barazani, akapunguza sauti ya redio.

"Mwanangu, hii nyumba nimeijenga kwa maandazi. Bati haliuzwi nusu nusu. Na mimi sichukui nusu nusu."

Nilimwelewa, ingawa sikukubaliana naye. Sehemu kubwa ya mji huu imejengwa hivyo: kodi ya mpangaji wa chumba cha mbele ndiyo inayoezeka chumba cha nyuma. Muuza maandazi hana benki ya kumkopesha hela ya bati, basi mpangaji ndiye anakuwa benki yake, tena bila riba. Ukilitazama jambo kwa upande huo, hasira zinapungua kidogo. Hela ya kulipa ndiyo haiongezeki.

Kwa sababu shida yetu haswa si kwamba kodi ni kubwa kuliko kipato. Kipato kinaingia kwa kudonoa, kodi inatoka kwa mkupuo. Elfu tano ya leo, elfu nane ya kesho, ukiziacha mkononi zinaishia kwa Mangi kwenye sukari na mafuta ya kupima. Watu wengi wa sokoni wanalijibu tatizo hilo kwa mchezo, yaani kuchangishana hela na kupokezana kwa zamu, na wa kwetu nataka niueleze vizuri, maana sijaona mahali umeandikwa.

Tuko 12. Kila baada ya wiki mbili kila mmoja anatoa 40,000, kijumbe anakusanya, na mwenye zamu anaondoka na 480,000. Mzunguko unakwisha kwa wiki 24, karibu nusu mwaka. Zitazame hizo hesabu: ni miezi sita ya chumba cha 80,000. Hakuna aliyekaa akapanga iwe hivyo. Mchezo ulianza kwa elfu kumi kumi, wa kununulia vyombo na sare za harusi, ukawa unapanda kila kodi zinapopanda, mpaka vikalingana kama sufuria na mfuniko wake.

Na zamu hatupigi kura. Kijumbe wetu ni mama mtu mzima anayeuza khanga mlangoni, ana daftari la jalada la bluu analolifunga kwa mpira. Ukurasa wa kwanza una majina yetu, na mbele ya kila jina ameandika mwezi wa kodi ya huyo mtu. Wa Februari anapokea mwishoni mwa Januari. Wa Agosti anapokea mwishoni mwa Julai. Wakigongana wawili, mwenye watoto anatangulia, na yule mwingine kijumbe anamwombea muda. Nimewahi kumsikia akimpigia simu mwenye nyumba wa Vingunguti kwa ajili ya mwenzetu. Alianza na shikamoo, akaulizia wajukuu, akatoa pole ya mvua, akaulizia mguu unaendeleaje, kisha mwishoni kabisa, kama kitu alichokumbuka wakati wa kuaga, akasema, "Halafu yule binti yako wa chumba cha pembeni, tarehe 15 hela yake ninayo mimi, baba." Mwenye nyumba ndiye aliyeshukuru.

Kanuni ngumu ni moja: ukishapokea, hukosi. Lakini Juni 2024 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka, kama walivyofanya Mei 2023, safari zote mbili wakilalamikia kodi, ile nyingine ya serikali. Habari zilikuwa za mapato yanayopotea na vikao na viongozi. Sisi tunaolipwa kwa siku hatukuwa kwenye habari. Duka likifungwa hakuna siku ya kulipwa. Kwenye daftari la bluu kijumbe aliandika neno moja, "nusu". Kila mtu alitoa 20,000, na aliyekuwa na zamu, mwenzetu wa Buza mwenye watoto, akaenda kwa mwenye nyumba na kodi ya miezi mitatu badala ya sita, kijumbe akiwa ametangulia na simu yake. Ilipokelewa. Hapo ndipo nilipojua kwamba miezi mitatu inawezekana. Hakuna dalali atakayekuambia hivyo, na mpangaji mgeni hapewi. Anapewa mtu aliyekwisha kukaa, asiyegombana uani, na mwenye mtu wa kumsemea.

Kuhusu madalali sina maneno mengi. Wanapatikana kwenye kijiwe cha bodaboda, chini ya kibao cha mbao chenye namba tatu ambazo mbili hazipatikani. Wanataka hela ya kuonyesha kabla hujaona kitu. "Dada, chumba masta, maji masaa 24, kutoka lami dakika tano." Dakika tano hizo ni za bodaboda, na maji ni ya masaa 24 siku ambayo simtanki limejaa. Siwachukii, vyumba vizuri nimevipata kwao. Ila baada ya kuonyeshwa huwa narudi peke yangu jioni, wakati wanawake wanapika uani, nasalimia, naomba maji ya kunywa, halafu nauliza aliyekuwa kwenye chumba kile kaondoka kwa nini. Wakitazamana kabla ya kujibu, naaga.

Namna hiyo ndiyo iliyonipa habari za chumba kimoja cha bondeni, upande wa Magomeni. Kikubwa, kina dirisha la nyavu mpya, 40,000, na Kariakoo ningekuwa naenda kwa miguu. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi upya, lakini kutoka chini hadi usawa wa goti tu. Bibi aliyekuwa anachambua mchele barazani hakusema neno. Aliweka kiganja kwenye paja lake, juu zaidi ya pale rangi ilipoishia, akaendelea kuchambua. Hilo ni bonde la Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu hapo mjini, na familia zilizookolewa mabondeni zikapelekwa Mabwepande kuanza upya. Mpaka leo mvua ikinyesha sana, barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani na mabasi ya mwendokasi husitishwa, kwa hiyo hata sisi wa mlimani tunaijua bei ya bonde hilo: ni siku nzima ya kutofika kazini. Ukiwa barabarani tazama pia alama ya X nyekundu ukutani, ya nyumba inayosubiri kubomolewa. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kuanzia Kimara kwenda juu kupisha upanuzi wa barabara ya Morogoro. Sasa ni barabara ya njia nane, inapendeza, na ndani ya zile nyumba za X walikuwamo wapangaji.

Turudi Mburahati, kwa sababu pale ndipo nilipojifunza umeme. Nyumba ilikuwa ya kiswahili yenyewe: vyumba sita, koridoo katikati, choo na bafu uani, na mita moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, ukutani barazani. Mita moja, kaya sita. Daftari lilining'inia kwenye msumari chini yake. Mwenye taa na simu alichangia 5,000 kwa mwezi, televisheni inaongeza 3,000, friji 10,000, pasi Jumapili tu. Hita ya kuchemshia maji ni marufuku. Mzee wa chumba cha mbele alikuwa na kiti chake pale, na kazi aliyojipa ilikuwa kutazama kile kijitaa chekundu cha mita. Kikipepesa polepole, nyumba imetulia. Kikianza kupepesa harakaharaka saa kumi na moja alfajiri, mzee anakohoa kwa nguvu, anapita koridoo akigonga kila mlango kwa fimbo: "Hita! Hita!" Kijitaa kinapoa. Hakuwahi kumkamata mtu, na hita haikuwahi kukoma.

Ugomvi wa LUKU unajulikana kila nyumba ya kupanga. Kisichozungumzwa ni bei yenyewe. Anayetumia si zaidi ya unit 75 kwa mwezi anauziwa unit moja kwa shilingi 100 kabla ya makato. Akizoea kuvuka hapo anahesabiwa kwenye bei ya kawaida, 292, ambayo ukiweka VAT na tozo inafika kama 356. Ndiyo maana ukinunua umeme wa 10,000 unapata unit 28 hivi. Sasa fikiria: kila chumba pale Mburahati, peke yake, kisingefika hizo 75. Sita kwa pamoja tulizivuka kabla mwezi haujaisha. Basi vyumba sita vya watu wa taa moja na simu tulilipa kila unit kwa bei ya nyumba yenye kiyoyozi. Maskini wakichangia mita wanahesabiwa kuwa tajiri mmoja.

Agosti 2021 kodi ya majengo ikaingizwa kwenye LUKU, 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni 1,500. Kisheria mlipaji ni mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni mpangaji, na mita haimjui mwenye jengo. Tulimwendea mama mwenye nyumba kwa adabu zote, tukamwomba umeme wa kwanza wa kila mwezi awe ananunua yeye. Akacheka sana, akasema wazo zuri. Akanunua mwezi mmoja.

Mbezi nilienda kwa ajili ya mita ya peke yangu na choo cha ndani. Chumba masta, 70,000, upepo, usiku kimya, jirani anafuga kuku. Kwa nyumba yenyewe, sijawahi kukaa pazuri kama pale. Kasoro ziliniibukia taratibu. Oktoba 2022 mto Ruvu ulishuka kwa ukame, ukatangazwa mgawo wa maji jiji zima, na huko kwetu mlimani bomba likawa pambo. Dumu la lita 20 likafika 500. Kuna nyumba ya jirani iliyokuwa imebabuka rangi, mabati yana kutu, na kodi yake ilizidi ya kwetu yenye tailizi. Nilikuwa nashangaa wanakaaje. Wiki hizo nilikuwa kwenye foleni ya madumu getini kwao. Walikuwa na kisima.

Halafu nauli. Desemba 2023 nauli ya daladala ya masafa mafupi ilipanda kutoka 500 hadi 600, ndipo nikaketi na kalamu. Boda hadi Mbezi Mwisho 1,000, daladala hadi Kimara 600, mwendokasi hadi Kariakoo 750. Jumla 2,350 kwenda, na kiasi hichohicho kurudi, 4,700 kwa siku. Siku 26 za kazi ni 122,200. Chumba kama kile kwa upande wa Tabata kingekuwa 130,000, yaani Mbezi nilikuwa naokoa 60,000 ya kodi. Lakini kutoka Tabata ni gari moja, 600, kwa hiyo 31,200 kwa mwezi. Nilikuwa naokoa 60,000 ya kodi na kutoa 91,000 zaidi ya nauli. Hapo sijahesabu kuamka saa kumi alfajiri na kufika nyumbani watu wameshalala, wala chipsi nilizokuwa nakula Kimara kwa sababu ya njaa ya njiani. Wenye nyumba wa pembezoni wanapunguza kodi, wenye magari wanaichukua tofauti.

Hesabu hiyo haimfai kila mtu. Mwenye genge lake huko huko Mbezi, au mwalimu anayefundisha shule ya karibu, kwake kuhama ni ujinga. Mwenye familia kubwa pia. Watoto wanacheza nje bila kukanyagwa na bajaji. Mimi kazi yangu iko Kariakoo na niko peke yangu, nikarudi mjini, nikakubali choo cha kuchangia na mpangaji mmoja. Tabata chumba ni 80,000. Nilienda serikali ya mtaa kujiandikisha, nikatoa hela ya taka na ya ulinzi shirikishi, nikapeleka salamu kwa mjumbe. Watu wengi wanaruka hatua hiyo. Mimi siiruki, kwa sababu siku mwenye nyumba anapotaka kukutoa katikati ya miezi uliyolipia, mtu wa kwanza atakayeulizwa kama anakufahamu ni mjumbe.

Mkataba wetu ni ile fomu inayouzwa steshenari, yenye nukta za kujaza majina na sharti la kutopigilia misumari. Unaisha mwezi ujao, na baba mwenye nyumba ameshanipa taarifa kwamba anataka 100,000. Sababu alizotoa ni mbili: ameweka pevingi uani, na anavuta mita ya LUKU kwa kila chumba. Pevingi sihitaji. Mita ndiyo nimeitolea kalamu. Sasa hivi nachangia umeme 12,000 kwa mwezi. Matumizi yangu hayazidi unit 30, na nikiwekwa kwenye kundi la matumizi madogo, pamoja na VAT na tozo haitafika 4,000. Naokoa kama 8,000. Kwa hiyo 90,000 naiweza bila kuumia sana, na 100,000 ni pevingi.

Nilimfuata baada ya swala ya Ijumaa, nikamtajia 90,000 kwa miezi sita, taslimu, siku hiyohiyo mkataba unapoisha. Akasema, "Mwanangu, ngoja nimuulize mama." Bado hajanijibu. Kijumbe nilipomweleza, alifungua daftari, akapiga hesabu pembeni ya ukurasa: 12 mara 45,000 ni 540,000. Nilidhani ananipigia hesabu mimi. Kumbe wenye nyumba wa wenzangu wawili nao wamepandisha, na tangu Jumatatu anapita duka kwa duka kuuliza kama tuko tayari mchezo upande. Mpaka jana wanane walikuwa wameshakubali.